Nimeachwa, Chai Ipo

Siku niliyoshuka kwenye gari pale Butiama na mfuko wa vitambaa kichwani, mwanangu, naikumbuka mpaka vumbi lililokuwa kwenye miguu yangu. Nilikuwa na miaka ishirini, nimevaa gauni la bluu nililolishona mwenyewe, na natembea kama daktari aliyeitwa kwa mgonjwa mahututi. Ndani ya mfuko ule mlikuwa na vitambaa sita, na kila kitambaa kina maneno yake mazuri. Nilijua kabisa, ikifika jioni, dada yangu atakuwa amepona.

Usicheke kwanza. Au cheka tu, mbele ndiko kwa kucheka zaidi. Nakusimulia haya kwa sababu ya jana. Jana ulikaa hapo hapo kwenye mkeka, hapa kwangu Mwisenge, ukanionyesha simu. Rafiki yako Neema amefeli mtihani wake wa mwisho wa uuguzi, amejifungia kwao Bunda, hatoki. Umemtumia picha kumi na nne, nimezihesabu mwenyewe. Jua linachomoza, ua limechanua, njiwa anaruka, na chini yake maandishi ya rangi ya dhahabu. Usikate tamaa. Kesho ni yako. Inuka. Kila picha ina zile alama mbili za bluu, maana yake amesoma, na jibu hakuna. Ukaniambia, "Bibi, wewe ulikuwa fundi wa maneno, nitungie moja kali nimtumie." Nikakwambia ngoja kesho. Haya, kesho yenyewe ndiyo hii. Weka simu chini, nimenyee hayo machungwa, na masikio yako niyaone.

Perusi ni dada yangu, amenitangulia kuzaliwa miaka mitatu. Alikuwa na meza ya vitenge pale Bunda sokoni. Mtu akiitafuta meza yake hakuwa na haja ya kuuliza, alisikiliza tu kicheko. Perusi alikuwaga akianza kucheka, wale wauza dagaa wa upande wa pili nao wanacheka, na hawajui wanachekea nini. Hata mteja aliyekuja na ugomvi wake aliondoka na kitenge mkononi, ugomvi kausahau hapo mezani.

Basi, Perusi akachumbiwa na karani mmoja wa hapa Musoma. Jina lake silitaji. Ana wajukuu sasa, na wajukuu hawana kosa. Mambo yalipangwa yote, kanisani matangazo yakasomwa mara ya kwanza, yakasomwa mara ya pili. Kabla ya mara ya tatu ikaja barua kwa mkono wa kondakta wa basi. Yule bwana kahamia Mwanza, na huko Mwanza kahamia kwa mwanamke mwingine. Mistari minne tu, mwanangu! Nimeisoma barua ile. Hata pole hakuweka.

Perusi hakulia mbele yetu. Alifunika meza yake kwa turubai, akapanda gari mpaka Butiama kwa Shangazi Nyafuru, dada yake baba, akaingia chumba cha nyuma. Wiki ya kwanza tukasema mwacheni apumzike. Ikaja ya pili, ya tatu, ya tano. Kamati ya soko ikatuma ujumbe kwamba meza haikai bure, ukifika mwisho wa mwezi Perusi hajarudi anapewa mwingine. Mama hapa Musoma akawa hali chakula. Meza ingepatikana nyingine, mama alilijua hilo. Alichokiogopa ni kwamba yule mtoto wake aliyekuwa akichekesha soko zima hatarudi tena, atarudi mtu mwingine mwenye sura yake.

Hapo ndipo mimi nikajipiga kifua. "Mama, niachie mimi," nikasema.

Ngoja nikueleze vitambaa, maana ninyi siku hizi makochi mnayaacha wazi. Wakati wetu kiti kisicho na kitambaa ulikiona kama kiko uchi. Unachukua kitambaa cheupe, unachora kwa penseli ua, ndege na maneno, halafu unafuata ile michoro kwa sindano na nyuzi za rangi. Unakitandika kwenye mgongo wa kiti, mgeni akiingia anasoma kabla hajakaa. Na binti akiolewa, wadogo zake wanamfumia vitambaa vya kwenda navyo kwake. Mimi nilikuwa nimekwisha kumfumia Perusi vyake sita. Kila kimoja kina njiwa wawili wameelekeana midomo, na katikati yao maneno ya harusi. Wawili. Penzi Letu. Nyumba Yetu. Unaelewa.

Sasa harusi imekufa, vitambaa viko sandukuni, dada yangu yuko gizani. Mtu mwenye akili angefanya nini? Mimi nilichukua wembe, nikayafumua yale maneno ya harusi uzi kwa uzi, nikafua vitambaa, nikavipiga pasi ya mkaa, na palepale palipokuwa na maneno ya harusi nikafuma maneno ya faraja. Nikajisifu kwamba nimeokoa kitambaa kizuri. Njiwa sikuwafumua. Wale njiwa walikuwa wamenichukua wiki mbili, na mdomo wa njiwa ni kazi, wewe usione hivi.

Nikaingia kwa Shangazi kwa shikamoo ya nguvu. Nikatoa furu, wale samaki wadogo wa ziwani waliokaushwa, aliowatuma mama, nikampa mikononi, halafu bila hata kunywa maji nikaanza kutandika vitambaa vyangu kwenye viti vya sebuleni. Nilipomaliza nikaita, "Dada! Njoo uone nilichokuletea!"

Perusi akatoka. Mh! Mwanangu, nilishtuka. Alikuwa amekonda, nywele hazijasukwa, kitenge amejifunga tu ili mradi. Alinisalimia kwa upole, jambo ambalo lilinitisha zaidi, kwa sababu Perusi hakuwahi kunisalimia bila kunitania. Akasogea kwenye kiti cha kwanza akasoma. Akaenda cha pili. Cha tatu akakichukua, akakiinua dirishani kwenye mwanga, akakitazama kwa muda mrefu.

"Wegesa," akasema, "hapa palikuwa na neno gani?"

"Hapakuwa na kitu," nikajibu.

Nilikuwa nadanganya, naye alijua, kwa sababu kwenye ule mwanga wa dirisha matundu ya sindano yalionekana yote. Chini ya maneno yangu ya faraja ungeweza kusoma Wawili, herufi moja baada ya nyingine. Perusi akakikunja kile kitambaa vizuri, akakirudisha kitini, akasema asante mdogo wangu, akaingia chumbani akafunga mlango.

Unadhani niliona aibu? Thubutu. Nilikasirika! Nilikaa nje kwenye kigoda, mdomo umevimba, nikawaza habari za watu wasio na shukrani. Nilikesha nikifuma siku ngapi! Shangazi Nyafuru akanitokea kwa nyuma na ungo wake wa mtama. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, anayeongea kidogo na anayetembea haraka, na kusoma hakujua.

"Wegesa, njoo unisomee vile viti," akasema.

Nikanyanyuka nikijua nakwenda kusifiwa. Tukasimama sebuleni, nikamsomea kimoja kimoja kwa sauti ya kanisani, naye anahesabu kwa vidole.

"Usilie."

"Moja," akasema Shangazi.

"Usikate tamaa. Sahau yaliyopita. Tabasamu. Simama imara. Songa mbele."

Shangazi akatazama vidole vyake sita. "Mwanangu," akasema, "hata askari hawezi kumpa mtu mmoja amri sita kwa siku moja. Kulia umemkataza. Kutabasamu umemlazimisha. Umemwambia asimame, halafu umemwambia aende. Sasa asimame au aende?"

Nikaanza kunyoosha pindo la kitambaa kilichokuwa karibu.

"Tangu umeshuka kwenye gari umemwuliza nini?"

"Nimemsalimia."

"Sikusema kusalimia. Umemwuliza nini?"

Nikaanza kutafuta kichwani, mwanangu. Nikatafuta, nikatafuta. Sikuwa nimemwuliza kitu chochote. Nilikuwa nimetoka Musoma mpaka Butiama na majibu sita ya swali ambalo sikuwa nimeliuliza. Hapo aibu ilinipata, ikaja yote kwa pamoja, nikalia mimi, kwenye sebule yenye kitambaa kilichoandikwa Usilie.

Shangazi akavikusanya vitambaa vyote, akavitia kwenye mfuko wangu. "Kesho utaamka umenye mihogo na dada yako," akasema. "Ukimfariji hata mara moja, nakurudisha Musoma kwa miguu."

Na alikuwa na uwezo huo, usifikiri ni maneno.

Basi tukamenya mihogo. Siku ya kwanza Perusi alikuja uani kwa sababu mihogo ilikuwa mingi na hakutaka Shangazi aumie mgongo. Tulimenya, tukakata, tukaanika juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nauma ulimi. Kila nikitaka kusema "Dada, yote heri," nauona uso wa Shangazi, nanyamaza. Siku ya pili tukageuza mihogo, tukapeta mtama, tukakimbizana na kuku. Kuku mmoja akaingia kwenye pipa la pumba akashindwa kutoka, tukahangaika naye, na pembeni ya jicho langu nikaona bega la Perusi linatikisika kidogo kwa kicheko.

Siku ya tatu nikamwuliza. Niliuliza vibaya, haraka haraka, bila kumtazama. "Dada, kinachouma zaidi ni nini?"

Akamenya muhogo mzima kabla ya kujibu.

"Ulifikiri sitawaona njiwa wako?" akasema kwanza. Nikainamisha kichwa. Halafu akasema, "Yule mwanaume simtaki tena, Wegesa. Hata akija na ng'ombe leo, arudi nao. Kinachouma ni watu. Kila Jumapili Mama Kezia wa hapo jirani anakuja na wifi yake kunipa pole. Wanakaa wananiangalia kama wamekuja kwenye msiba, halafu wanaanza kuzungumza habari za mvua. Mvua, mvua, mvua! Wakitoka nje ndiyo wanazungumza habari zangu, na mimi nasikia kupitia dirishani, na wanakosea! Wanasema alinikuta na mtu. Wanasema mahari ilikuwa ndogo. Mimi mwenyewe hakuna aliyeniuliza. Soko siliogopi. Naogopa kile kimya nitakachokikuta pale mezani, watu wote wanajua na hakuna anayesema."

Aliongea vile mpaka jua likatugeukia. Nilisikiliza, na ninakuapia sikumfariji hata mara moja. Alipomaliza akafuta mikono yake kwa kitenge, akasema, "Lete sindano."

Sasa uelewe kwamba Perusi na sindano walikuwa hawajuani. Kifungo tu kikikatika alikuwaga ananiletea mimi. Nikamletea sindano, nyuzi, na mfuko wa vitambaa. Akachagua kile cha Usilie. Akachukua wembe akayafumua maneno yangu, na mimi natazama, moyo unaniuma kidogo, sikufichi. Halafu akamgeukia njiwa mmoja, akamfumua yeye pia! Njiwa wangu! Akamwacha mwenzake peke yake pembeni, mdomo umeelekea hewani.

"Huyu mmoja anatosha," akasema.

Hakuchora kwa penseli. Alianza tu. Alijichoma kidole mara nyingi, akatukana mara nyingi zaidi, na kila alipotukana nilimsikia dada yangu wa zamani akikaribia. Herufi zilikwenda juu, zikashuka, nyingine nene, nyingine nyembamba, na uzi ni mwekundu kama nyanya. Nikajaribu kumsaidia herufi moja akanipiga kofi la mkononi. Ilipofika jioni akanyanyua kitambaa akanionyesha. Kimeandikwa:

NIMEACHWA. CHAI IPO.

Weee! Mwanangu, nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maganda ya mihogo. Perusi alikuwa ananitazama akiwa hajacheka bado, anasubiri kuona kama ni sawa kucheka, na mimi siwezi kujizuia, machozi yananitoka. Shangazi akatoka jikoni anauliza kuna nini. Nikamsomea. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Yule mwanamke mkavu akashika mbavu zake, kilemba kikamdondoka, akasema, "Hicho kiweke kwenye kiti kinachotazama mlango!"

Ikaja Jumapili. Baada ya ibada, kama kawaida, Mama Kezia na wifi yake hao, nyuso zimekunjwa tayari kwa msiba. Na siku hiyo kulikuwa na mgeni mwingine, Mama Zuhura wa Bunda, muuza viatu, ambaye meza yake na ya Perusi zimepakana. Alikuwa amepanda gari peke yake kuja kusema kwamba zimebaki siku tatu, na kwamba tayari kuna mtu anaipima meza kwa macho.

Wakakaribishwa. Mama Kezia akakaa. Wifi yake akakaa. Mama Kezia akavuta pumzi akasema, "Mvua mwaka huu..."

Mama Zuhura alikuwa bado amesimama, ameinama mbele ya kile kiti kinachotazama mlango, anasoma taratibu kwa sababu herufi zile zilihitaji uvumilivu. "Nime... achwa," akasoma kwa sauti. "Chai ipo."

Mama Kezia akaangalia paa. Wifi yake akaangalia miguu yake. Perusi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na birika mkononi, na niliona vidole vyake vikilibana lile birika. Nikajua hapa ndipo penyewe. Wakirudi kwenye mvua, dada yangu anarudi chumbani, na simwoni tena.

Mama Zuhura akageuka. "Na sukari je?" akauliza.

Usisahau kwamba sukari siku hizo ilikuwa ya kupanga foleni. Perusi akamtazama, akatazama birika, akasema, "Sukari kaondoka nayo."

Ee Mungu wangu! Mama Zuhura alicheka mpaka akashika ukuta. Wifi yake Mama Kezia akaanza kukohoa, kumbe anacheka, anajizuia, kashindwa. Mama Zuhura akafungua mkoba wake, akatoa kifurushi cha gazeti kilichofungwa uzi, akakiweka mezani. "Nilijua," akasema. "Nimekuja na yangu. Mie mwenzenu nimeachwa mara mbili, na wa pili alibeba mpaka birika."

"Mara mbili?" akauliza Mama Kezia, na mvua kaisahau kabisa.

"Mara mbili! Na hakuna aliyenipa chai!"

Mama Kezia akatazama mlangoni kuhakikisha hakuna mwanaume. "Mimi wangu hajaniacha," akasema kwa sauti ya chini, "ila kuna siku namwombeaga safari."

Hapo ndipo Perusi akacheka. Kicheko chenyewe, kile cha Bunda sokoni. Kilitoka kikajaa sebule, kikatoka nje, na ng'ombe wa jirani akaitikia, hilo naliapia. Shangazi alikuwa ameshika upindo wa kitenge chake anafuta macho, na mimi nilikuwa nalia waziwazi kwa furaha kama mtoto. Nilikuwa nimeusahau ule mlio, kumbe niliukosa kiasi kile.

Tukanywa chai ya maziwa mpaka sufuria likakauka. Perusi akasimulia yote, yeye mwenyewe, tangu mwanzo. Akaisoma ile barua ya mistari minne kwa sauti ya karani, ameshika mwiko kama kalamu. Mama Kezia akauliza maswali yake yote usoni badala ya dirishani, akajibiwa yote. Kuhusu mahari aliambiwa ukweli, akasema, "Kumbe! Basi mimi nimekuwa nikisema uongo." Akaomba radhi palepale. Akaongezwa kikombe.

Jumatatu alfajiri Perusi na Mama Zuhura walikuwa barabarani wanasubiri gari la Bunda. Kitambaa kilikwenda naye. Alikitundika mbele ya meza yake, juu ya vitenge vyote, kila apitaye akisome. Kile kimya alichokiogopa hakikupata nafasi, maana mtu akifika tu anasoma, anacheka, anauliza, anajibiwa, ananunua. Wanawake walikuja kumsimulia ya kwao wakati anawapimia vitenge. Kulikuwa na chupa ya chai chini ya meza, sikutanii, alikuwaga anawamiminia kweli.

Na mimi? Nilirudi hapa Mwisenge nikiwa fundi mwingine. Watu waliendelea kuja kuagiza vitambaa vya maneno, na mimi nikawa naweka penseli chini kwanza. Nauliza. Halafu nanyamaza, na hiyo ya kunyamaza ndiyo ngumu. Mama mmoja aliyestaafishwa kabla ya wakati wake alikaa hapa kibarazani asubuhi nzima, mwisho akasema, nifumie "Sasa nalala mchana." Mwingine mume wake alikwenda machimboni miaka na miaka hajarudi, akataka "Mlango hauna komeo." Hicho nilikifuma na machozi. Hakuna hata neno moja katika hayo lililotoka kichwani kwangu, na ndiyo vitambaa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kufuma.

Perusi aliolewa, usinitazame hivyo, nilijua utauliza. Alikuja mtu sokoni kumnunulia mama yake kitenge, akasoma kile kitambaa, akauliza chai bado ipo. Anaishi naye Bunda mpaka leo. Krismasi iliyopita nilikikuta kitambaa kiko kwenye kochi lao, kimekuwa cha njano, uzi mwekundu umepauka, na yule njiwa bado yuko peke yake. Mume wake kila mwaka anasema atamfumia mwenzake, na kila mwaka Perusi anamwambia mwache alivyo.

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu. Maneno mazuri siyakatai, mimi yamenilea. Alipofariki babu yako nilishika mstari mmoja wa wimbo wa kanisani, nikauimba mwezi mzima nikiosha vyombo, na ndio ulionivusha. Lakini ule mstari niliuchagua mimi mwenyewe siku nilipouhitaji, hakuna aliyenipachikia. Ukimpa mtu neno kabla hujamsikia, hata liwe la dhahabu, unamfunga mdomo na unakwenda zako ukidhani umemsaidia. Neema ana neno lake humo ndani, limekaa vibaya, linamchoma. Hujui ni lipi, na mimi silijui. Mwulize kinachouma zaidi ni nini, halafu ung'ate ulimi kama nilivyoung'ata mimi kwenye mihogo. Akilia mwache alie. Akikaa kimya, menyeni kitu. Na neno likianza kutoka, mpe cha kulitolea, iwe sindano, iwe kalamu, iwe wimbo, hata kama herufi zitapinda. Ukijaribu kumnyooshea, akupige kofi la mkononi.

Ndiyo maana sijakutungia kitu. Ila nimekufulia hiki. Kishike. Kitambaa cheupe, hakina ua, hakina njiwa, na ukikiinua dirishani hutaona tundu hata moja. Sindano nimeichomeka hapo kwenye pindo, uzi mwekundu uko ndani. Kesho asubuhi panda gari la Bunda umpelekee mwenzio kikiwa kitupu hivyo hivyo. Na simu uizime njiani.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe masikio makubwa kuliko mdomo, akupe marafiki watakaokuuliza siku yako ya kuachwa itakapofika, na kicheko kisikuhame kwako wala kwa Neema. Haya, nenda. Ngoja, rudi kwanza. Fungua kabati, beba na sukari.